Injini Imeoshwa, Sasa Gari Linasumbua: Dalili, Vyanzo na Hatua za Kuchukua

Malalamiko yanayofuata kuosha injini nyumbani hujirudia kiasi kwamba fundi mzoefu anaweza kuyataja kabla mwenye gari hajamaliza kueleza. Gari lililoingia uani likiwa zima haliwaki tena, au linawaka lakini linamisi (silinda moja au zaidi haichomi petroli, injini ikakatakata), au fenibelti inalia, au taa ya injini imejitokeza kwenye dashibodi, au mshale wa joto unapanda kuliko kawaida. Karibu yote hayo yana asili moja, nayo ni maji yaliyofika mahali ambapo hayawezi kutoka yenyewe. Ndiyo maana tiba ya kwanza huwa ni kukausha na kusubiri, na gharama kubwa huja pale mwenye gari anapokosa subira na kuendelea kupiga stata mpaka betri inaisha au kitu kinavunjika ndani.

Maelezo haya yanahusu zaidi magari ya petroli yaliyojaa katika barabara za Tanzania na Kenya, hasa Toyota zenye injini ya 1NZ-FE kama IST, Probox, Raum na Corolla za NZE, ambazo kila plagi ina koili yake juu yake, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme mkali wa cheche. Magari ya zamani yenye distribyuta (kifaa kimoja kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi zote) na magari ya dizeli yatatajwa pale tu yanapotofautiana.

Hali za kusimama papo hapo

Zipo hali ambazo hazihitaji majaribio ya mwenye gari hata kidogo. Ukisikia harufu ya petroli isiyoisha chini ya boneti, usiwashe chochote, wala usichomoe betri wakati huo, kwa sababu cheche ndogo ya kwenye kichwa cha betri inatosha kuleta moto. Ondoa watu, acha boneti wazi na uite fundi. Stata ikigonga mara moja na kukwama, acha ufunguo. Oili ikibadilika rangi na kufanana na chai ya maziwa, usiwashe injini. Taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka tuli, zima. Na kama gari ni la haibridi, yaani linalotumia petroli na umeme, na umepiga maji kwenye nyaya nene za rangi ya chungwa au kwenye kisanduku zinakoingia, usiguse kitu: betri kuu ya Prius ya kizazi cha pili ina zaidi ya volti 200, na kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa haibridi, si ya fundi umeme yeyote wa mtaani.

Stata haizunguki kabisa

Sababu inayoongoza haina uhusiano na maji. Mtu alifungua betri kabla ya kuosha, jambo ambalo ni sahihi, kisha akarudisha vichwa vya waya bila kuvikaza. Jaribu kuvizungusha kwa mkono, kikisogea, hakijakazwa. Vikwangue kama vina unga mweupe, anza kukaza chanya, malizia na hasi. Hakikisha pia gia iko kwenye P au N, na kwamba alamu haijalifunga gari, kwani alamu nyingi za kufungwa mitaani hujifunga zenyewe umeme unapokatika na kurudi.

Kama taa za dashibodi zinawaka vizuri na stata bado iko kimya, fungua boksi la fyuzi lililo chini ya boneti. Kifuniko chake huzuia mvua inayodondoka kutoka juu, lakini hakikuundwa kuhimili maji yanayosukumwa kutoka pembeni. Ukikuta matone ndani, chomoa hasi ya betri, toa fyuzi na rilei (swichi ndogo za umeme) moja moja huku ukipiga picha kwa simu ili kila moja irudi mahali pake, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha acha boksi wazi juani kwa saa mbili hivi. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Ikikatika tena mara moja, kuna shoti, na hapo ndipo pa kumwita fundi umeme. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kufunga kipande cha waya ni njia ya uhakika ya kuunguza waya zote.

Stata inagonga mara moja na kukwama

Hii hutokea mara chache, ila ndiyo ghali kuliko zote. Maji yameingia kupitia njia ya hewa au kupitia tundu la plagi yakatua juu ya pistoni, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, pistoni inayopanda hukuta kizuizi kigumu. Ukilazimisha, koneksheni rodi, yaani mkono unaoshika pistoni, hupinda, na injini inayoweza kuokolewa kwa nusu saa ya kazi huhitaji kushushwa.

Uchunguzi unaoruhusiwa kwa mwenye gari ni mmoja: fungua boksi la kichujio cha hewa uone kama karatasi yake imelowa au kama chini kuna maji. Baada ya hapo, fundi atatoa plagi zote, ataizungusha injini kwa spana taratibu, na maji yatatoka kupitia matundu ya plagi. Asipoanza kwa kutoa plagi, bali akaomba gari jirani ili "apige jampa", yaani aongeze nguvu ya betri kwa waya, tafuta fundi mwingine.

Stata inazunguka, lakini injini haishiki

Kwa magari yenye distribyuta, kama Corolla za injini ya 5A-FE, mshukiwa wa kwanza ni unyevu ndani ya kifuniko cha distribyuta. Kifungue, kikaushe ndani kwa kitambaa kikavu, tazama kama kuna mstari mwembamba mweusi uliochorwa na umeme kutoka nguzo moja hadi nyingine, maana kifuniko chenye mstari huo hakiponi kwa kukaushwa bali hubadilishwa. Kausha pia waya za plagi katika ncha zote mbili.

Kwa magari yenye koili juu ya kila plagi ni vigumu koili zote nne zife kwa pamoja, hivyo tazama kwanza fyuzi za mfumo wa moto na za petroli, kisha soketi za sensa, hasa ile ya kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) iliyo chini karibu na puli, ambayo hupata maji na tope kwa wingi. Chomoa soketi, pulizia, kausha, rudisha mpaka isikike ikibofya. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, na uipumzishe walau nusu dakika kati ya majaribio. Injini isiposhika baada ya majaribio matatu au manne, acha gari juani mpaka alasiri boneti ikiwa wazi. Magari mengi yaliyokataa saa nne asubuhi huwaka saa tisa bila kuguswa.

Injini inawaka, lakini inamisi na kutetemeka

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na linastahili kuelezwa kwa kirefu.

Kwenye injini ya 1NZ-FE plagi zimezama ndani ya visima vinne vinavyopita katikati ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini. Juu ya kila kisima hukaa koili, na mpira wake wa juu ndio unaozuia maji. Gari likiwa jipya mpira huo hubana vizuri. Baada ya miaka kumi na tano ya joto hukakamaa, na maji yaliyosimama juu ya tapeti kava hupenya taratibu mpaka chini. Humo hayana pa kwenda. Umeme unaotakiwa kuruka kwenye ncha ya plagi huona njia rahisi zaidi kupitia maji, nayo silinda hiyo haichomi. Ukitaka kuthibitisha ni silinda gani, mashine ya kusomea hitilafu itakupa msimbo P0301 kwa silinda ya kwanza, P0302 kwa ya pili, na kuendelea. P0300 humaanisha kumisi kunakohamahama kati ya silinda, bila kutulia kwenye moja.

Zima injini na usubiri ipoe. Toa kifuniko cha plastiki cha juu, kisha soketi ya koili ya kwanza kwa kubonyeza kufuli lake. Kufuli hilo likiwa la zamani huvunjika kama biskuti, kwa hiyo libonyeze kwa kidole, usilikwangue kwa bisibisi, na usivute waya. Fungua bolti ya namba 10, zungusha koili kidogo kulia na kushoto ili mpira uachie, ndipo uivute juu wima. Mulika ndani ya kisima kwa tochi. Kisima kikavu huonyesha kichwa cha plagi na pembe zake sita wazi. Chenye maji hukurudishia mwanga kama kioo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea kwa haraka: usifungue plagi wakati kisima kina maji, kwa sababu maji yote yatadondoka moja kwa moja ndani ya silinda. Yanyonye kwanza kwa bomba la sindano lililofungwa kimpira chembamba, au ingiza kitambaa kilichosokotwa mpaka kitoke kikavu, kisha malizia kwa upepo wa kompresa huku umevaa miwani, maana mchanga uliolala humo miaka mingi utaruka usoni. Mwenye duka la kuziba pancha jirani atakuazima upepo huo kwa bei ndogo.

Kabla ya kurudisha koili, itazame. Mpira ukiwa na ufa au mstari mweupe, umeme ulikuwa unavuja hapo hata kabla ya kuosha. Springi iliyo ndani ikiwa na kutu, ikwangue kwa uangalifu. Rudisha kila kitu, washa. Kumisi kukiendelea kwenye silinda ileile, hamisha koili ya silinda hiyo iende ya jirani: msimbo ukihama pamoja nayo, nunua koili; ukibaki palepale, tazama plagi, na baada ya plagi, soketi na waya zake. Nozeli ya petroli ndiyo ya mwisho kushukiwa, ingawa mafundi wasiopenda kuchunguza huianza nayo.

Ukikuta oili badala ya maji ndani ya kisima, kuosha hakuna hatia. Mipira ya visima vya plagi na gasketi ya tapeti kava imechoka, na itapaswa kubadilishwa yote kwa pamoja.

Taa ya injini ikipepesa wakati wa kumisi, usiendeshe gari hata kwenda kwa fundi. Petroli isiyochomwa huingia kwenye masega ya ekzosi (kichujio cha kusafisha moshi) na kuwaka humo, na masega yakiyeyuka huziba njia ya moshi. Muite fundi aje, au gari livutwe.

Sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, au taa ya injini imewaka tuli

Kama mlitoa betri, mara nyingi ni kompyuta ya gari inayojifunza upya. Washa injini bila kukanyaga mafuta, iache ipate joto lake la kawaida, washa AC kwa dakika chache kisha zima, halafu endesha mwendo wa kawaida. Hali isipotulia, tafuta mpira wa hewa uliochomoka. Mipira hiyo myembamba huvutwa bila mtu kugundua anapopitisha brashi, na mlio wake ni kama mtu anayefyonza meno. Baada yake kagua kichujio cha hewa kilicholowa, ambacho kibadilishwe badala ya kuanikwa, na sensa ya hewa iliyo kwenye bomba baada ya kichujio. Sensa hiyo haiguswi kwa kidole wala pamba. Hupuliziwa dawa yake maalumu, kisha huachwa ikauke.

Fenibelti inalia, au taa ya betri inawaka

Mkanda uliolowa maji matupu hulia dakika mbili tatu na kunyamaza. Unaoendelea kulia una sabuni au dawa ya grisi kwenye mifereji yake: injini ikiwa imezimwa, uoshe kwa maji safi na brashi laini, uukaushe. Uliolowa oili haufai tena. Tafadhali usiupulizie WD-40 wala dawa yoyote ya kuulainisha. Ukimya utakaoupata ni wa siku moja.

Taa ya betri ikiwaka, pima kwa mita. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima husoma takriban volti 12.6, injini ikinguruma inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki chini ya 13, altaneta haichaji, na kwa kuwa ina matundu wazi ya kupitisha hewa, huenda maji yamepeleka tope kwenye kaboni zake, yaani brashi zinazopitisha umeme ndani yake. Ipe nusu siku ikauke. Isiporudi, ni kazi ya fundi umeme. Kama badala ya kulia unasikia mchakacho wa kitu kinachopigwa na feni, zima haraka: ni nailoni uliyofunikia imesahauliwa ndani.

Moshi na harufu baada ya kuwasha

Mvuke mweupe unaopotea ndani ya dakika kumi ni maji yaliyo juu ya ekzosi. Moshi wa bluu-kijivu wenye harufu ya mafuta ni masalia ya dawa au oili, nao hupungua ukiwa ni masalia tu. Ukiongezeka kadiri injini inavyopata joto, kuna oili inayovuja juu ya ekzosi, au kuna mafuta ya taa. Kuosha injini kwa mafuta ya taa, dizeli au petroli ni desturi ya magereji mengi, na inang'arisha kweli, lakini huacha utando unaowaka karibu na chuma chenye joto la mamia ya nyuzi, na hulainisha mipira mpaka ivimbe. Weka kizimamoto cha unga karibu wakati wa kuwasha mara ya kwanza, na usipige maji kwenye moto wa mafuta.

Joto linapanda

Washa AC: katika magari mengi feni ya rejeta huanza kuzunguka papo hapo. Isipozunguka, kagua fyuzi na soketi yake. Ikizunguka, tazama mapezi ya rejeta, kwani mashine ya presha ya nyumbani, yenye nguvu ya takriban bar 100 hadi 150, huyalaza na kuusukuma udongo ndani zaidi. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka kiasi gani. Mshale ukikaribia nyekundu, simama.

Oili imekuwa kama maziwa

Mara nyingi kifuniko cha kujazia oili kilikuwa wazi, au kijiti cha kupimia hakikuingia mpaka mwisho. Maji yaliyoingia hivyo huondoka kwa kumwaga oili na kubadilisha kichujio, pengine mara mbili. Lakini kama kulanti (maji ya kupoozea injini) nayo imepungua, maji yametoka ndani, na silinda hedi gasketi ichunguzwe kwanza.

Injini imeoshwa lakini bado ni chafu

Kisababishi cha kawaida ni haraka. Grisi ya miaka haitolewi na nguvu ya maji bali na muda: dawa ya kuondoa grisi ikae dakika tano hadi kumi bila kukauka, brashi ipite, dawa irudiwe. Sabuni ya unga haifai, kwa kuwa ni kali kwa aluminiamu na huacha madoa meupe.

Osha injini ikiwa vuguvugu, yaani unaweza kuilaza mkono juu yake bila kuuondoa. Maji baridi juu ya ekzosi yenye moto hupasua chuma cha kalibu na kuua sensa ya oksijeni. Chomoa hasi, kisha funika altaneta, koili, boksi la fyuzi, kompyuta kama iko chini ya boneti, na mdomo wa hewa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, hivyo wengi siku hizi hutumia nailoni za kufungia magodoro, ambazo kwa kazi hii ni bora zaidi. Suuza kwa mpira wa kawaida wenye mkondo mdogo, au, ninavyopendelea, kwa kitambaa na ndoo peke yake. Maji machafu yasielekezwe kwenye mtaro wala bustani. Tandika maranda ya mbao yanyonye oili.

Wenye dizeli wana nafuu, kwa kuwa hakuna plagi za cheche za kulowa, na injini kama 1HZ ya Land Cruiser haina elektroniki nyingi. Hata hivyo dizeli za kisasa zenye komon reli, yaani bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, zina soketi juu ya kila nozeli, na mabomba yake hayafunguliwi nyumbani: mafuta yaliyo ndani hutoboa ngozi.

Matatizo yanayojitokeza wiki kadhaa baadaye

Kumisi kunakokuja na kuondoka, hasa asubuhi zenye unyevu, mara nyingi ni kutu ya kijani ndani ya soketi. Tatizo hili huwaandama zaidi watu wa pwani, kwa kuwa visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi, na chumvi hubaki baada ya maji kukauka. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua au ya bomba, na soketi zilizoshika kutu zisafishwe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme.

Lalamiko la pili ni oili inayoanza kuvuja "kwa sababu ya kuosha". Kwa kawaida uvujaji ulikuwepo, ila uchafu ulikuwa umeziba na kuuficha. Pakausheni mahali panaposhukiwa, nyunyiza poda ya mtoto, endesha kilomita kumi hivi, kisha zima na utazame injini ikiwa imepoa: oili huchora mstari kwenye poda, na sehemu ya juu kabisa ya mstari huo ndiyo ya kumwonyesha fundi, iwe ni tapeti kava, sili ya kranki au swichi ya presha ya oili.